Kijana Aliyefunzwa kwa Mali ya Tajiri

Katika nyumba zetu huingia karatasi za namna nyingi: hati ya nikaha, hati ya nyumba, barua ya shule, risiti ya stima. Siku hizi imeongezeka karatasi nyingine, na wazee wengi huitia sahihi pasi na kuisoma, kwa kuwa huletwa na kijana mwenye uso wa furaha. Karatasi hiyo huitwa bondi. Maana yake ni hii: tajiri, yaani mwenye kazi, amekubali kumpeleka kijana kufunzwa ufundi kwa mali yake yeye tajiri, na kijana naye ameahidi kwamba akisha kufunzwa atamtumikia tajiri huyo miaka miwili, au mitatu, au mitano, na akiondoka kabla ya muda, atalipa fedha kadha wa kadha. Na chini kabisa ya karatasi, mahali ambapo macho ya msomaji hufika yakiwa yamekwisha kuchoka, pana nafasi ya jina la mdhamini. Mdhamini huyo ni baba, au mjomba, au mama mjane asiye na kitu ila nyumba aliyoachiwa na marehemu.

Jambo hili si dogo, ndugu zangu. Ahadi ni deni, na ahadi iliyotiwa sahihi mbele ya shahidi ni deni lenye meno. Lakini wala si jambo la kukimbiwa, maana kijana asiyefunzwa kazi yoyote yu katika hatari kubwa kuliko kijana mwenye bondi. Yataka tulitazame kwa insafu. Mimi nimepata kusimama pande zote: nilifunzwa kazi na mtu, nimefunza watu kazi, na nimeitwa kuwa mdhamini wa mpwa wangu.

Na nianze na upande wa tajiri, kwa kuwa ndio upande ambao vijana hawapendi kuusikia. Mimi nina karakana ndogo ya kupiga chapa hapa Mombasa. Si kiwanda, ni mitambo miwili, kisu cha kukatia karatasi, kompyuta tatu, na watu saba pamoja nami. Kijana akija kwangu naye hajui kitu, miezi mitatu ya kwanza ni hasara tupu. Huharibu karatasi. Huchanganya wino hata kijani cha kadi ya harusi kikatoka kama maji ya mtaro. Fundi wangu mkubwa, ambaye saa yake moja ina thamani, huiacha kazi yake akasimama nyuma ya kijana. Baada ya mwaka, kijana aweza kuachiwa mtambo peke yake. Baada ya miaka miwili amekuwa fundi. Hapo ndipo siku moja, aghalabu Jumamosi baada ya kupokea mshahara, hunijia akasema: "Mzee, nimepata mahali." Na mahali penyewe ni upande wa pili wa mji, kwa mtu ambaye hakuharibikiwa hata na rimu moja ya karatasi kwa ajili yake, na kwa hivyo anayo nafasi ya kumwongezea shilingi elfu tatu juu ya zile nilizokuwa nikimpa mimi.

Katika miaka kumi na minane nimefunza vijana kumi na mmoja. Waliobaki ni watatu. Sisemi haya kwa kulalamika, maana wanane walioondoka wengi wao hunisalimu kwa heshima, na mmoja huniletea tende kila Ramadhani. Nasema ili ijulikane kwamba tajiri anayeogopa kufunza watu hana wazimu. Mtu ukimwazima baskeli naye asiirudishe, waweza kwenda mlangoni kwake ukaichukua. Ujuzi hauchukuliki. Ukisha kuingia katika mikono ya kijana umekuwa wake. Atalala nao, ataamka nao, atavuka nao bahari. Na tajiri, kwa kulijua hilo, hufanya moja katika matatu. Ama hafunzi kabisa, akangoja wenzake wafunze apate kuwanyang'anya. Ama hufunza nusu akaficha nusu, nami nimewaona kwa macho yangu mafundi wa zamani wakigeuza mgongo ili kijana asione wanavyokaza parafujo. Ama hutaka bondi. Katika hayo matatu, bondi ndiyo iliyo karibu zaidi na uungwana, ikiwa imeandikwa kwa haki.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Mtoto alipotakiwa ajifunze useremala, au ushonaji, au uhunzi, au kuunda vyombo vya bahari, baba yake alimpeleka kwa fundi, naye akakaa kwa fundi kama mtoto wa nyumba. Huyo ndiye mwanagenzi. Alifagia, alichota maji, alitumwa sokoni, na kazi akaipata kidogo kidogo kwa kutazama. Mshahara hakupewa, au alipewa cha kununulia chai. Siku ya kuhitimu wazee wake walimpa fundi kilemba, yaani hedaya ya kumshukuru, na tangu hapo kijana alikuwa huru kufungua kazi yake popote. Bondi haikuwapo kwa sababu deni halikuwapo: kijana alikwisha kulipa kwa ile miaka aliyofanya kazi pasi na ujira, na kilemba kilikuwa muhuri wa kwamba pande mbili zimeridhiana. Mimi nilifunzwa hivyo, miaka minne, nikipanga herufi za risasi moja moja katika chumba kisichokuwa na dirisha. Na mama yangu, Mungu amrehemu, aliuza vitumbua apate kumnunulia mwalimu wangu kilemba cha kweli, cha kitambaa, maana alikuwa mtu wa kupenda mambo ya kale.

Wataalamu wa uchumi walikuja kulieleza jambo hilihili kwa maneno yao. Mmarekani mmoja aitwaye Gary Becker, ambaye mwaka 1992 alipewa tuzo ya Nobel, alitoa kitabu mwaka 1964 juu ya thamani ya elimu iliyomo ndani ya mtu. Aliugawa ujuzi wa kazi mafungu mawili. Kuna ujuzi unaofaa kila mahali, kama kuendesha lori au kuunganisha nyaya za umeme. Na kuna ujuzi usiofaa ila kwa tajiri mmoja, kama kuyajua madaftari na mazoea ya kiwanda chake peke yake. Huu wa pili tajiri haogopi kuulipia, kwani kijana akiondoka nao hautamnunulia mkate mahali pengine. Lakini ule wa kwanza, akasema Becker, tajiri hataulipia. Atakayeulipia ni mwanafunzi mwenyewe, kwa kukubali ujira mdogo wakati wa kujifunza. Yaani alimweleza mwanagenzi wetu, wala hakupata kumwona.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini dunia haikuifuata sawasawa. Huko Ujerumani matajiri hufunza vijana wengi, siku nyingine karakanani na siku nyingine shuleni, na imeonekana kwamba wengi katika matajiri hao hutumia fedha nyingi kuliko faida wanayoipata kwa kazi ya kijana katika muda wa mafunzo. Tena sheria yao ya mafunzo ya kazi, iliyopitishwa mwaka 1969, haiwaruhusu kumfunga kijana kwa bondi. Mapatano ya kumzuia asifanye kazi mahali pengine akisha kuhitimu, au ya kumlipisha gharama ya kufunzwa, ni batili. Isipokuwa katika miezi ya mwisho ya mafunzo kijana mwenyewe aweza kuahidi kubaki. Basi kwa nini tajiri wa huko akubali kufunza? Wataalamu wawili, Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke, walilijibu swali hilo mwaka 1998. Walisema kwamba tajiri aliyemfunza kijana amekwisha kumjua kama ni mwepesi au mzito, mwaminifu au si mwaminifu, na matajiri wengine hawajui. Na kujua huko ni mali. Nami nakubali, kwani wale watatu waliobaki kwangu nawajua kuliko niwajuavyo majirani zangu, na mpiga chapa mwenzangu akiniuliza habari zao huanza kukohoa.

Uko na mfano mwingine, wa Detroit katika Marekani. Mwaka 1913 kiwanda cha motokaa cha Henry Ford kilikuwa na haja ya watu kama 14,000, lakini ili kuipata hesabu hiyo ilibidi waandikwe watu zaidi ya 52,000 katika mwaka mmoja, kwa kuwa walioingia walikuwa wakitoka. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha roho, mtu kukaza msumari mmoja tangu asubuhi hata jioni. Kila aliyeingia alifundishwa, hata ikiwa ni kwa siku chache, na kila aliyetoka alitoka na gharama yake. Hapo Ford hakuandika bondi. Mwezi wa Januari 1914 alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, nao ulikuwa kama mara mbili ya ule wa zamani, na kutoka kwa watu kukapungua upesi sana. Sikusudii kumsifu mtu huyo. Watumishi wake walikuwa wakiingia majumbani mwa wafanyi kazi kutazama wanaishije kabla ya kuwapa hizo dola 5, jambo ambalo hapana mzee wa Mombasa angalilivumilia hata kwa dola 50. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Na hapa pwani tulipata kuwa na njia ya tatu, nayo haifai kusahauliwa. Chuo cha Waislamu cha Mombasa, ambacho watu walikijua kwa jina la MIOME, kilianza kufundisha mwaka 1951. Kilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamaa ya Mabohora na ya serikali ya wakati ule, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate kujifunza mitambo, umeme na ubaharia. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu cha ufundi. Tazama namna yake: gharama ilichukuliwa na jumuiya, si na tajiri mmoja, na kwa hivyo kijana aliyehitimu hakuwa na mtu wa kumdai.

Serikali ya Kenya nayo imejaribu kuugawa mzigo huo kwa matajiri wote. Amri ya mwaka 2007 ilimtaka tajiri atoe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyi kazi wake, na mfuko huo husimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Tajiri aliyefunza watu kwa njia iliyokubaliwa aweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Maana yake ni kwamba hata yule mnyang'anyi wa ng'ambo ya pili ya mji hutoa kidogo. Ni fikira nzuri. Lakini shilingi 50 si kitu kikubwa, na karatasi za kudai ni nyingi, na mwenye karakana ya watu saba aghalabu hutoa wala harudi kudai. Kwa hivyo bondi ingali ikiingia majumbani mwetu.

Sasa nieleze ya mpwa wangu. Baada ya kumaliza chuo aliajiriwa na kampuni moja, ambayo sitaitaja, inayotengeneza mitambo ya baridi ya yale makontena yanayochukua parachichi na samaki kwa meli. Ni kazi nzuri, yenye heshima, na ni ujuzi unaotakiwa katika kila bandari ya dunia. Kampuni ikamchagua yeye na wenziwe wanne wakafunzwe miezi minne, miwili hapa na miwili nje ya nchi. Akaja kwangu na bondi baada ya sala ya Isha, pamoja na mama yake, dada yangu, ambaye ni mjane.

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Imebaki sahihi yako tu."

Nikachukua miwani. Dada yangu akasema, "Kaka, usikawie, mtoto asije akakosa bahati yake." Mpwa wangu akaongeza kwamba wenziwe wote wamekwisha kutia sahihi. Nikamwambia kwamba hiyo si hoja, nikasoma.

Muda wa kutumikia ulikuwa miaka mitatu, nao sikuuona kuwa mwingi. Fedha za kulipa kama ataondoka zilikuwa shilingi laki sita. Nilitafuta mahali palipoeleza laki sita zimetoka wapi, sikupaona. Tena fedha hizo zilikuwa zilezile tangu siku ya kwanza hata siku ya mwisho: mwenye kuondoka baada ya mwezi mmoja alilipa laki sita, na mwenye kuondoka baada ya miezi thelathini na mitano alilipa laki sita. Mahali pengine paliandikwa kwamba akiachishwa kazi "kwa sababu yoyote" deni linabaki. Na habari ya mshahara hapakuwa na neno. Kijana angerudi na ujuzi mpya akapokea mshahara wa zamani miaka mitatu. Na mdhamini, yaani mimi, na nyuma yangu dada yangu na nyumba yake, tungesimama chini ya hayo yote.

Sikutia sahihi usiku ule. Dada yangu aliondoka amenuna, na nina hakika kwamba mpwa wangu aliniona kuwa mzee mwenye kupenda kuleta taabu. Asubuhi tulikwenda ofisini mimi naye. Bwana aliyetupokea alikuwa mtu mpole na mkweli, wala sikuona kwake nia ya kudhulumu mtu. Nilimwomba anioneshe hesabu, akanionesha: ada ya mafunzo, nauli, malazi, na mshahara wa miezi minne ambayo kijana hatafanya kazi. Jumla ilikuwa laki tatu na sitini elfu. Nikamwuliza, na hizo mbili na arubaini? Akacheka kidogo akasema, "Mzee, hizo ni za kumtia hofu asiondoke."

Sasa hapo, ndugu msomaji, ndipo palipo na tofauti kati ya fidia na adhabu. Sheria ya mikataba tuliyoirithi kwa Waingereza imelijua jambo hilo tangu zamani. Katika kesi moja mashuhuri iliyoamuliwa mwaka 1914, ya kampuni ya Dunlop, mahakimu wakubwa wa Uingereza walieleza kwamba fedha zilizowekwa katika mkataba zikiwa ni makisio ya kweli ya hasara, zinalipwa. Zikiwa ni za kumtisha mtu tu, mahakama haitazisimamia. Lakini sikumtajia Bwana yule mahakama, maana mtu maskini anayetegemea kesi amekwisha kushindwa nusu kabla ya kuanza. Nilimwomba mambo matatu. Kwanza, deni liwe laki tatu na sitini, ambayo ndiyo hasara ya kweli, na lipungue shilingi elfu kumi kila mwezi kijana atakaotumikia, hata miezi thelathini na sita ikiisha liwe limekwisha lenyewe. Pili, wakimwachisha kazi pasi na kosa lake, deni lianguke. Tatu, mshahara uongezwe akirudi.

La kwanza alilikubali pale pale. Nadhani hapakuwa na mtu aliyepata kumwomba. La pili alilipeleka kwa wakubwa wake, likakubaliwa baada ya siku nne. La tatu alilikataa. "Tumemlipia mafunzo," akasema, "tukimwongezea na mshahara tutakuwa tumelipa mara mbili."

Neno hilo nimelisikia kwa matajiri wengi, nami mwenyewe ni tajiri mdogo, na nasema kwamba hesabu yake imekosewa. Kijana aliyekwenda si yule aliyerudi. Siku anaposhuka katika ndege bei yake sokoni imekwisha kupanda, apende tajiri asipende, na tofauti baina ya bei hiyo na mshahara wake ni shimo ambalo kila siku mtu mwingine anaweza kumwita kwa upande wa pili. Bondi huuzuia mwili wa kijana usiondoke. Haizuii macho yake kutazama saa, wala haimfanyi amwonye tajiri kwamba mtambo fulani utavunjika wiki ijayo. Kwangu mimi, kijana anayemaliza mwaka wa pili humpandisha mshahara siku ileile, kabla hajaniambia Jumamosi yake. Si ukarimu. Ni rahisi kuliko kuanza upya na mtu wa kuharibu karatasi.

Nilitia sahihi, hata hivyo, kwa kuwa yale mawili yalitosha kumlinda dada yangu. Nilipokuwa nikirudi nilikifikiri kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan, kilichomo katika Sura ya Al-Qasas. Yule mzee alimwajiri kwa miaka minane, na akamwachia hiari ya kuongeza miwili ikawa kumi, akamwambia kwamba hataki kumtia mashaka. Muda ulijulikana tangu mwanzo. Ziada ilikuwa hiari, haikuwa mtego. Na waliokuwapo walikuwa mtu mwenye mali na kijana mkimbizi asiye na kitu, yaani mwenye nguvu zote upande mmoja. Na juu ya hayo mkataba ukaandamana na huruma. Sijui bondi ngapi za leo zingeweza kusomwa kwa sauti mbele ya kisa hicho.

Katika wale wenziwe wanne, mmoja aliondoka baada ya miezi saba, akaenda Ghuba kwa mshahara ambao hata mimi ungenishawishi. Bondi yake ilikuwa ile ya zamani. Hakuaga, alizima simu siku ya Ijumaa, na Jumatatu alikuwa Doha. Barua ya laki sita ililetwa kwa baba yake, mvuvi aliyekwisha kuacha bahari kwa ajili ya macho. Nasikia sasa kijana huleta fedha kidogo kidogo, na baba huzipeleka ofisini, na risiti anazitia katika kopo la maziwa. Kama deni lile lingalikuwa likipungua kila mwezi kama la mpwa wangu, lingalikuwa shilingi laki mbili na tisini elfu.

Vijana watasema: "Basi wataka tukae tu, hata Ghuba ikituita?" La. Sina neno na mwenye kuondoka. Pwani hii imeishi kwa watu wanaokwenda na kurudi kabla ya babu zetu kuzaliwa, na miaka ya 1970, Oman ilipokuwa ikijengwa, wengi waliokwenda huko kutoka Zanzibar na Mombasa walipokelewa vizuri kwa sababu ya ujuzi walioupata huku. Mwenye kutaka kuondoka na aende kwa tajiri wake mchana, atoe notisi, aulize kilichobaki katika deni, akilipe au apatane namna ya kulipa. Aliyefanya hivyo hakumkhini mtu. Ametimiza mkataba kwa njia yake ya pili, maana mkataba ulisema utumikie au ulipe. Tena uko mlango ambao vijana wengi hawaujui: yule tajiri mpya anayekutaka aweza kuombwa alinunue deni lililobaki. Kama ujuzi wako una faida kwake, gharama yake nayo imhusu. Akikataa kutoa hata shilingi, pana haja ya kufikiri atakutendaje wewe mwenyewe. Na yafaa kijana ajue kwamba tajiri wa zamani hana ruhusa ya kuumeza mshahara wake wote wa mwisho kwa ajili ya bondi; sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 haikubali makato yapite theluthi mbili za ujira.

Wazee nao wasiipokee karatasi hiyo usiku wakaitia sahihi kabla ya chakula. Waulize deni limehesabiwaje, linapungua au halipungui, na likoje mtoto akiugua, au akiachishwa, au kampuni ikifunga milango. Waweke nakala mahali wanapoweka hati ya nyumba, maana kwa hakika ni ndugu yake. Na kama tajiri hakubali kubadili hata neno moja, bado hilo ni jibu lenye kufaa kujulikana kabla ya sahihi.

Limebaki jambo la mabinti, ambalo watu hawalisemi. Siku hizi wasichana wetu wengi wanafunzwa kwa mali ya matajiri, hasa wauguzi na wale wa maabara, nao wanafungwa kwa bondi kama ndugu zao wa kiume. Kisha huja posa. Huulizwa habari za mahari, za nyumba, za nani atakaa na nani, na mji gani; bondi haiulizwi. Mume akitaka kumhamisha mkewe Lamu au Muscat baada ya miezi mitatu, ndipo inapojulikana kwamba bibi harusi amekuja na deni, na maneno mabaya yakaanza katika nyumba ambayo ubani wake haujatoka. Rafiki yangu mmoja ana binti muuguzi, aliyebakiwa na miezi kumi na minne katika hospitali iliyomsomesha. Posa ilipokuja, rafiki yangu aliandika deni lililobaki katika kipande cha karatasi, pamoja na kiasi kinachopungua kila mwezi, akampa mzee wa upande wa mume kabla ya kuwekwa siku ya nikaha. Mzee yule aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia katika mfuko wa kanzu, akauliza kama hospitali hiyo hupokea malipo ya kila mwezi au hutaka yote kwa pamoja.